Tundu la Ziada

Wiki tuliyomhamisha mamangu kutoka fleti yake ya Ilford aje akae nami, nilikuta msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, chini kabisa ya droo, umeviringishwa kwenye kitambaa cha flana pamoja na kipande cha nta kilichogeuka cheusi kwa uzee. Nikakinusa kile kitambaa, hivi hivi tu, kama mtu anavyonusa nguo kabla ya kuamua kama ni ya kufua. Ngozi. Nta. Na nyuma yake, kali na tamu kwa pamoja, harufu ya ile gundi waliyokuwa wakiipaka kwenye nyuzi za kioo kutengenezea bodi za magari. Nikajikuta nimekaa kitandani. Mimi huyu, mwenye mvi na dawa za presha kwenye mkoba, moyo ulinidunda kama wa mtoto anayesikia hatua za mama mlangoni. Harufu ile ni ya kosa langu kubwa kuliko yote, na kwa zaidi ya miaka hamsini sikuwa nimemwambia mtu. Mamangu ndiye niliyemkosea, na mamangu alikuwa sebuleni wakati ule akimfokea binti yangu Nasra kwa kufunga sufuria vibaya. Ana miaka themanini na nane. Nikajua kwamba nisipomwambia sasa, sitamwambia tena.

Tulikuwa tukikaa Barking, huku huku kwa Waingereza. Mwisho wa mtaa wetu, karibu na mto, palikuwa na jengo refu la matofali ambalo zamani lilikuwa la kufulia nguo. Vita vilipokwisha, ndugu wawili waliokuwa mafundi wa ndege za kivita walilichukua wakaanza kutengeneza magari ya michezo, yale ya watu wawili, mafupi, yaliyolala chini hata ukiyapita kwa miguu unayaona mapaa yake. Usidhani kilikuwa kiwanda cha mistari na ving'ora. Ilikuwa karakana ya watu wachache, na magari yalitoka moja moja, kama maandazi ya mpishi asiyetaka kuharakishwa, na mengine yaliuzwa vipande vipande kwenye masanduku. Mwanzoni waligonga mabati yaliyobaki ya ndege juu ya magunia ya mchanga mpaka yakapata umbo. Mabati yalipokwisha wakahamia kwenye nyuzi za kioo. Tulipofika sisi kutoka Unguja, ndugu mmoja alikwisha kufariki, akabaki Bwana Ted peke yake, mrefu, mwenye masikio makubwa, na suruali iliyotoboka magotini kwa kupiga magoti chini ya magari.

Mama aliingia pale kama mfagiaji. Lakini mamangu ni mshonaji wa kofia za vito, na mshonaji wa kofia hakai na mikono mitupu. Saa ya mapumziko, wenzake wakinywa chai, yeye alikuwa akitoa mfukoni kofia aliyokuwa akimshonea baba na kuendelea nayo. Asiyeijua kazi hii ajue kwamba kofia ya vito imejaa matundu madogo madogo, na kila tundu linatobolewa kwa mkono kisha linazungushiwa uzi mpaka ukingo wake unakuwa mgumu. Ndiyo maana kichwa cha aliyeivaa hakitoki jasho. Siku moja Bwana Ted aliiomba kofia ile. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, halafu akaipuliza kwa mdomo huku mkono wake mwingine uko upande wa pili, akapata upepo kiganjani. Akacheka peke yake. Kumbe wateja wake walikuwa wakimlalamikia mwaka mzima kwamba vile viti vya ngozi vinawalowesha migongo, maana gari lenyewe dogo, na injini iko karibu na mapaja kama jiko.

Kuanzia wiki ile Mama hakushika tena ufagio. Alipewa chumba cha nyuma chenye meza, dirisha na kufuli, akawa anashona viti. Alitoboa ngozi vilevile alivyotoboa kitambaa cha kofia, safu kwa safu, na kila tundu akalizungushia uzi mweusi uliopakwa nta. Hakutumia rula. Alikuwa na kamba yenye mafundo, na fundo lilipokataa alipima kwa shibiri. Kabla ya tundu la kwanza la kila kiti alisema bismillahi. Mimi nilikuwa nikitoka shule nakwenda kukaa juu ya rundo la vipande vya ngozi, na amri ilikuwa moja: "Raya, tazama kwa macho. Mikono yako iweke mapajani."

Basi nikatazama. Na mimi nawaambia nyie wenzangu mliokuwa watoto zama zile, mkakua na televisheni nyeusi na nyeupe mkidhani mmeona maajabu, hamkuona kitu. Nilimwona Bwana Ted na wenzake wakimimina maji kwenye upenyo wa kalibu ya kufinyangia bodi, dude kubwa la kijivu, baya, lisilo na sura. Wakaligonga taratibu kwa nyundo za mpira pande zote. Kimya. Kisha kitu kikalia ndani, kaa!, kama ubao mkavu unaopasuka. Wakashika watu sita, wakainua. Lililotoka lilikuwa jekundu. Jekundu la kung'aa, lenye mabega na pua, limelowa maji, na hakuna mtu aliyekuwa amelipaka rangi mbele yangu. Nilijua kwa yakini kwamba gari lilikuwamo mle tangu zamani na wale wazee walikuwa wakilibishia hodi. Nilisimama kwenye pembe na soksi zangu zilizoteremka, nikasahau kufumba mdomo.

Lakini ajabu kubwa kuliko hiyo ilikuwa mamangu. Karakana ile ilikuwa na sheria ambayo sijui nani aliianzisha: gari zima halitoki mlangoni mpaka Mama alikalie. Siku gari linapokamilika, mashine zilizimwa. Wanaume wote walifuta mikono kwa matambara wakasimama. Bwana Ted mwenyewe alimfungulia mlango. Mama aliingia na baibui lake, akaketi, akafumba macho, akapitisha viganja kwenye ngozi taratibu, mgongoni, pembeni, chini ya mapaja. Kisha alisema neno moja katika maneno mawili. Akisema "Tayari," wanaume walipiga makofi na chai ilimiminwa. Akisema "Bado," hakuna aliyebisha. Spana zilichukuliwa na kiti kikafunguliwa. Wazungu wale walikuwa wameyajua maneno hayo mawili ya Kiswahili na hawakujua la tatu.

Sasa niambieni, mtoto wa miaka saba angeelewa nini? Mtu anayefunguliwa mlango, anayenyamaziwa, ambaye bila neno lake gari haliendi popote, ni nani huyo kama si mwenye mali? Nilikata shauri kwamba kampuni ile ni ya mamangu, na Bwana Ted ni msimamizi wake. Kwamba tulikaa vyumba viwili vyenye ukungu ukutani, na Mama alikuwa akigeuza kola za mashati ya baba zikichakaa, hilo halikunisumbua. Nilidhani matajiri ndivyo walivyo, wanabana.

Na kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na breki, nikalisema chuoni. Tulikuwa tukisoma Kurani kila Jumapili kwenye chumba cha juu cha nyumba ya watu, watoto kumi na kitu kwenye mkeka. Salma, ambaye babake alikuwa na duka na hivyo alijiona yeye ndiye malkia, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi.

"Kama magari ni ya mamako, lako liko wapi?"

"Yote ni yangu."

"Mwongo! Lipi? Lina alama gani?"

Wote wakacheka. Sikulala vizuri kwa swali lile. Nikamuuliza Mama, kwa werevu niliodhani ni mkubwa, mtu huko kwetu alijuaje kama mbuzi ni wake, wote wakichunga pamoja. Alikuwa akisuka nywele zangu. Akaniambia mbuzi wa babu walitobolewa sikio la kushoto, tundu moja, na akipotea hata miezi, ukikuta lile tundu hakuna wa kukubishia.

Tundu moja, kushoto. Lile gari jekundu lilikuwa karibu kukamilika.

Nililifanya Ijumaa, Mama alipokwenda kusali alasiri kwenye kichumba cha kunawia. Kiti cha dereva kilikuwa mezani, kimekwisha, safu zake zote zimekaa kama askari. Niliuchukua msharasi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na mpini wake ulikuwa na joto la mkono wake. Nikasema bismillahi kama yeye, nikausukuma pembeni, upande wa kushoto, nje kabisa ya safu. Ngozi ilikataa, kisha ikakubali ghafla. Nikainama nikalinong'oneza, "Wewe wangu." Aliporudi, mikono yangu ilikuwa mapajani.

Kesho yake lilikuja lori. Hata mimi nilijua lile lori ni la nini, maana wiki nzima hakukuzungumzwa kingine: gari jekundu lilikuwa linakwenda kwenye maonyesho makubwa, huko katikati ya mji. Nilimsikia Bwana Ted akiwaambia wenzake kwamba watu wakiliona hili watajua sisi ni nani. Alikuwa amevaa tai siku hiyo. Dereva wa lori alikuwa nje, injini inanguruma, anatazama saa.

Mashine zikazimwa. Mlango ukafunguliwa. Mama akaketi, akafumba macho. Viganja vikapita mgongoni, vikapita kulia, vikaja kushoto. Mkono ukasimama. Niliona kidole chake cha shahada kikirudi nyuma, polepole, kikagusa mahali pamoja, kikatulia hapo. Nilitamani sakafu inimeze.

"Bado," akasema.

Bwana Ted akachutama hadi uso wake ukalingana na wake. "Zuwena," akasema kwa upole, "lori liko nje."

"Naliona, Mister Ted," akajibu Mama kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno. "Bado."

Nilimtazama Bwana Ted. Uso wake ulikuwa umechoka kwa namna ambayo mtoto anaiona bila kuijua. Angeweza kukataa. Mpaka leo sijui wangapi wangekataa. Akasimama, akaifungua tai yake, akaenda nje akamwambia mwenye lori aende zake. Kisha akarudi akapiga magoti, yeye mwenyewe, akaanza kufungua boliti za kiti. Nimeona wafalme kwenye televisheni wakivishwa mataji. Sijawahi kuona mtu akiheshimiwa kama mamangu alivyoheshimiwa asubuhi ile, na ubaya wangu ndio ulioyaleta hayo.

Mama alikibeba kiti akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Sikuitwa. Nilikaa nje ya mlango nikisikiliza uzi ukivutwa. Saa nzima ilipita. Kiti kikarudishwa, akakikalia tena, akasema "Tayari," na safari hii makofi yalikuwa machache. Bwana Ted akapanda akaliendesha mwenyewe, akatokomea barabarani na ule mngurumo uliokuwa ukitikisa vioo vya nyumba zetu. Mama hakuniuliza kitu. Jioni ile alinipa kipande kikubwa cha samaki, na nilikila kwa shida, nikidhani ndivyo watu wanavyolishwa kabla ya hukumu.

Haikutimia mwezi, mlango wa karakana ukafungwa mnyororo. Bwana Ted alikuja kwetu na kisanduku chenye zana za Mama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai, halafu akainywa. Alipoondoka, Mama aliegemea mlango akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Na mimi nikaunganisha mambo: nilitoboa, gari likachelewa, maonyesho yakatupita, kampuni ya mamangu ikafa. Nilimfilisi mzazi wangu kwa tundu moja. Baada ya hapo alishona mapazia kwenye kiwanda cha watu, kisha akawa msaidizi wa wagonjwa hospitalini mpaka alipostaafu, na kila nilipomwona anakanda miguu yake usiku wa baridi nilisema moyoni, hii ni kazi yako, Raya.

Bila shaka nilikua nikajua kampuni haikuwa yake. Lakini hatia iliyoingia ukiwa na miaka saba haitoki kwa kupewa maelezo. Ilibadili nguo tu. Nikawa najiambia, si kampuni yake, lakini ilikuwa kazi yake, na ilikuwa furaha yake.

Ule msharasi niliuweka mapajani kwa Mama jioni ile ile niliyoukuta kwenye droo. Akaushika, akatabasamu. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu. Nikashindwa kumwambia. Nasra ndiye aliyetuokoa, kwa simu yake. "Mum, look, there's a club," akasema. Wapenzi wa magari yale wangali wapo, na wana klabu yao. Hukutana Jumapili moja ya kiangazi kwenye uwanja wa nyasi usio mbali na Barking. Na kwenye picha, mstari wa mbele, lilikuwapo jekundu.

Tulikwenda. Magari yalikuwa kama kumi na mawili, yamepangwa kwenye nyasi, na wazee wa Kizungu wenye kofia za jua wakiyapangusa kama watoto wachanga. Nililijua langu kabla hatujaegesha. Lilikuwa dogo kuliko kumbukumbu, na zuri kuliko kumbukumbu, na nilisimama tena na mdomo wazi, kasoro soksi. Mwenyekiti wa klabu, mzee aliyeitwa Colin, mwenye faili chini ya kwapa, alikuwa akiwaeleza wageni historia. Nikasogea.

Alisema hili ndilo gari la mwisho. Alisema kampuni iliuawa na kodi. Kodi mpya ilikuwa imewekwa kwa magari yaliyouzwa vipande vipande, watu wakayaunge nyumbani, na biashara yao kubwa ilikuwa hiyo. Mwenye kampuni alikwisha kutia saini karatasi za kuifunga kabla ya maonyesho. Gari lilifika, likawekwa, watu wakajazana. "Hakuwa analiuza," Colin akasema. "Alitaka lionekane tu."

Nilishika mkono wa Nasra. Alikwisha kutia saini. Kabla.

"Na sasa," Colin akaendelea kwa furaha ya mtu anayefika kwenye kipande akipendacho, "tazameni kiti cha dereva. Matundu yote haya yana uzi mweusi. Hili moja, kushoto, nje ya safu, lina uzi mweupe. Halipo kwenye gari jingine lolote. Tumebishana miaka na miaka. Wapo wanaosema ni la waya wa redio."

Nilitazama. Kulikuwa na tundu langu. Ukingo wake ulikuwa umezungushiwa uzi mweupe wa kofia, laini, wa mviringo kamili, umeshonwa vizuri kuliko yote yaliyokuwa kwenye safu.

Nasra akamweleza Colin bibi yake ni nani. Sijui alisemaje, ila niliona faili likianguka kwenye nyasi. Mlango ukafunguliwa. Wakamshika Mama wawili, mmoja huku mmoja huku, wakamteremsha kwenye kiti. Akafumba macho ambayo hata hivyo hayaoni ila vivuli. Viganja vikapita mgongoni, vikapita kulia. Wazee wale, bila kuambiwa na mtu, walivua kofia zao. Mkono ukaja kushoto, ukasimama.

"Raya. Njoo."

Nikapiga magoti kwenye nyasi. "Mama," nikasema, na sauti ikawa ya miaka saba. "Tundu hilo, mimi ndiye…"

"Najua wewe."

"Ulijua?"

"Mtoto ananiuliza habari za masikio ya mbuzi, siku ya tatu nakuta tundu upande wa kushoto. Nisijue? Nilikuzaa au nilikuokota?"

"Lakini ulisema bado. Lori likaondoka. Nilidhani miaka yote hii nimekuharibia."

Mama akafumbua macho, akayaelekeza palipokuwa na sauti yangu. "Yule bwana alikwisha kutuambia Jumatatu kwamba tunafunga, mwanangu. Lori lilikuwa lori tu." Kidole chake kilikuwa kikizunguka tundu lile, kikizunguka. "Ningeweza kubadilisha ngozi. Lakini mtu ameshatia alama yake, nimfutie kwa nini? Nilisema bado kwa sababu hukulishona. Tundu lisiloshonwa hupasuka."

Nililia hapo, mbele ya watu, na Nasra akaniwekea mkono begani, naye analia bila kujua yote.

Mama akapapasa ukingo wa mlango. "Haya, nitoeni," akasema. Wakamwinua. Akasimama akanyoosha baibui lake, akageuka upande alikosikia minong'ono ya wale wazee, na kwa sauti ile ile iliyowahi kuzima mashine akamwambia mjukuu wake:

"Nasra, waambie hao wanaume wasogee. Wampishe mwenye gari aingie."

Nasra akawaambia kwa Kiingereza. Wakasogea wote, nami nikaingia.